Wanalala kwa Saa Nne Mchana, na Anayewapa Dawa ni Mimi

Mama, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 24, mlezi kwenye dei kea moja huku Mbagala. Kazi hii nina mwaka mmoja na miezi miwili. Sikusomea malezi. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani, mpaka mwenye kituo aliponiona kanisani nikibembeleza watoto wa watu wakati wa ibada, akasema nina mkono wa watoto, niende nikamsaidie. Watoto nawapenda, Mama, na wao wananipenda. Asubuhi nikifungua geti wananing'ang'ania miguuni mpaka natembea kwa kuwaburuta.

Tuko walezi wawili na watoto 19. Mdogo kabisa ana miezi kumi, mkubwa ameshapita miaka minne. Wazazi wao wengi ni mama lishe, wachuuzi, na wengine wanafanya kazi za zamu viwandani. Wanaanza kutuletea watoto saa kumi na mbili asubuhi, na wa mwisho anachukuliwa saa moja usiku. Mwenzangu ndiye anayepika, kwa hiyo kuanzia saa nne na nusu mpaka chakula kiive nabaki peke yangu na wote. Chumba ni kimoja, juu ni bati tupu, hakuna dari.

Tabu yetu ni mchana. Wakishakula tunawalaza, lakini hawalali. Mmoja analia, anawaamsha wawili, hao wawili wanaamsha chumba kizima. Mwezi wa kumi na moja, joto lilipoanza kukolea, mwenye kituo alileta chupa mbili za piritoni ya maji. Akasema wakimaliza kula kila mmoja apewe kijiko kimoja. "Ni dawa ya mafua tu, wanangu wote nimewakuza nayo." Nikamuuliza kama wazazi wanajua. Akanijibu kwamba mzazi analipia utulivu.

Nimewapa, Mama. Siyo kila siku, ila siku wanapochachamaa, na sasa ni kama miezi mitatu. Yule wa miezi kumi sijawahi kumpa, nilikuwa namruka kimyakimya.

Kuna mtoto mmoja wa kiume, ana mwaka mmoja na miezi minane. Mama yake anauza maandazi na chai kituo cha daladala. Wiki iliyopita alikuja macho mekundu, akaniambia, "Dada, mwanangu usiku halali. Mpaka saa nane yuko macho anacheza, na mimi saa kumi inabidi niamke nikaande unga. Huku mchana analala?" Nikamjibu analala vizuri tu. Akanishukuru, akanipa maandazi matano kwenye mfuko. Yalinishinda kula.

Halafu juzi nikampa kijiko kama kawaida saa saba. Akalala mpaka saa kumi na moja. Nikamwita, nikamnyanyua, nikamwosha uso. Anafungua macho, anayafumba tena, shingo imelegea. Mwenzangu akaanza kulia. Alipozinduka alikuwa kama mlevi. Nilipompigia simu mwenye kituo akasema mtoto amechoka. Kesho yake mama yake akanieleza, wala simuulizi, kwamba mtoto alikuwa na mafua na alimpa dawa ya mafua alfajiri kabla ya kumleta.

Mshahara huu ndio unaolipa kodi ya chumba changu na ada ya mdogo wangu aliyeko chuo cha ufundi. Nikikataa nitaondolewa. Nikikubali nitaua mtoto wa mtu. Je, nimewaharibu hawa watoto? Yule mama nimwambie? Na nisipowapa dawa, watoto 19 nitawalazaje?

Mlezi, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale kwenye maandazi. Mlezi aliyekufa moyo angeyala.

La kwanza halingoji maelezo. Kesho usimpe mtoto yeyote. Si kijiko, si nusu kijiko, si "leo tu kwa sababu wamesumbua". Na mwenzako umwambie asubuhi kabla hata hajawasha moto, maana haitasaidia wewe uache huku yeye akiendelea.

Sasa tuizungumze dawa yenyewe, kwa sababu neno "dawa ya mafua tu" limedanganya wengi. Piritoni ni dawa ya mzio: chafya, kuwashwa, macho kutoka machozi. Usingizi siyo kazi yake. Ni athari inayokuja kwa sababu ni ya kundi la zamani la dawa za mzio, zile zinazopenya mpaka kwenye ubongo. Ndiyo maana watoto wengine badala ya kulala huchangamka na kuhangaika kupita kiasi, na hapo mlezi asiyejua huongeza kijiko. Sirapu ya kawaida ina miligramu 2 katika mililita 5, yaani kijiko kimoja kamili cha kipimo. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 aliyeandikiwa dawa hii kwa ajili ya mzio hupewa miligramu 1 kwa mara moja. Kwa hiyo kijiko kizima mlichokuwa mnawapa wote, wa mwaka mmoja na wa miaka minne, kilikuwa dozi maradufu ya mtoto mgonjwa, kwa watoto wasio wagonjwa. Na kama kijiko chenyewe ni cha kulia wali, hesabu imezidi hapo. Kumruka yule wa miezi kumi ulifanya jambo kubwa kuliko unavyodhani. Umri wake dawa hii haimhusu kabisa.

Lililotokea juzi lina maelezo. Mchanganyiko mwingi wa dawa za mafua za watoto una dawa ya jamii hiyohiyo ndani yake, mara nyingi pamoja na ya kushusha homa. Mama akitoa alfajiri bila kukuambia, wewe ukatoa saa saba bila kumwambia, mwili wa kilo kumi au kumi na moja umebeba mizigo miwili na hakuna mtu mmoja anayeijua yote. Ni kwa ajili ya hatari kama hizi mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2008 kwamba dawa za mafua na kikohozi za kujinunulia dukani wasipewe watoto walio chini ya miaka 2, na Uingereza mwaka uliofuata ikaupandisha umri huo hadi miaka 6. Kuna vituo vinatumia promethazini, dawa nyingine ya mzio ya kundi hilohilo la zamani, badala ya piritoni. Hiyo ni mbaya zaidi: tangu 2004 Marekani imekataza apewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu kuna waliokata pumzi wakafa. Mtu akikuletea hiyo kama "mbadala", ikatae vilevile.

Umeniuliza kama umewaharibu. Dawa hii haibaki mwilini. Ukiacha, mwili huitoa ndani ya siku chache. Mtoto anayekula, anayekimbia, anayekuita jina lako asubuhi, furahi naye. Hatari ilikuwa kwenye kila mchana wenyewe: mtoto aliyelewa dawa akitapika huweza kupaliwa, pumzi huweza kupungua, na dozi ikizidi sana huleta degedege. Siku yoyote ukikuta mtoto hazinduki, au anapumua kwa shida, au midomo imebadilika rangi, humpigii mwenye kituo kwanza. Unachukua mtoto, unachukua na chupa, unapanda bajaji kwenda hospitali. Chupa usiisahau, daktari ataihitaji.

Na macho mekundu ya yule mama yametoka chumbani kwenu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, mchana na usiku pamoja. Huo ni mtungi mmoja. Mkiuteka nusu mchana kwa nguvu ya dawa, mtoto akaamka saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku hana usingizi wa kulala. Anayekesha naye ni mama ambaye saa kumi alfajiri ana unga wa kukanda.

Sasa kulaza. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukiacha dawa bila kubadilisha kingine, wiki haitaisha kabla chupa haijarudi.

Anza na asubuhi. Mtoto aliyekaa mbele ya katuni tangu saa mbili mpaka saa tano hajachoka, amechoshwa tu, na hivyo ni vitu viwili. Mwongozo ule ule unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 awe na angalau dakika 180 za kuutumia mwili wake kwa siku, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini. Wa chini ya miaka 2 asitazame kabisa. Uani watoke mapema, kabla jua halijawa kali: mchanga, maji kwenye beseni, matairi ya kusukuma, kuimba na kuruka. Maji huwa yanafanya maajabu. Mtoto aliyecheza maji saa nne, saa saba anajitafutia mkeka mwenyewe.

Halafu joto. Mwanangu, chumba cha bati bila dari, Dar es Salaam, mwezi wa pili, saa saba mchana! Hata wewe mtu mzima usingelala humo. Hao watoto hawakuwa watukutu, walikuwa wanaungua. Watoe nje, kwenye baraza au chini ya mti upande wenye kivuli, tandika majamvi, funga khanga mbili tatu upande wa jua, watandikie chandarua. Kabla ya hapo wafute miguu, mikono na shingo kwa kitambaa chenye maji. Nilifanya kazi ya watoto wadogo miaka mingi Tanga, na mama mmoja mtu mzima aliyenipokea pale alikuwa na desturi hiyo ya kuosha miguu. Nilidhani ni usafi. Baadaye nikaona watoto wanaanza kupiga miayo pale pale kwenye beseni, kwa sababu walishajua kinachofuata. Mtoto mdogo hasomi saa, husoma mfuatano: chakula, miguu, khanga, sauti ya chini. Ukiufuata bila kuuvunja, baada ya siku kumi na kitu utauona unafanya kazi yenyewe.

Usiwalaze wote kwa mkupuo. Watoto wadogo, chini ya miaka miwili, walishwe mapema na walazwe kwanza. Wewe kaa katikati, mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, ukiwapigapiga mgongoni polepole, pigo moja kwa pumzi yako moja. Usizungumze. Watoto wakubwa wawe na mwenzako, wanakula bado. Hilo linataka chakula kiwe kimeanza kupikwa mapema, hata maharage yachemshwe jana yake. Na wale wa miaka minne, wengine hawahitaji tena kulala mchana. Walaze dakika 20 wapumzike. Asiyesinzia muondoe kimya apewe vizibo vya kupanga au makopo, mbali na wenzake. Ukimlazimisha aliyemaliza usingizi wake, atakuamshia kumi.

Kuna mtoto mwingine halali kwa hofu. Mwaka 1954 mtafiti mmoja, Mary Ainsworth, alifika Uganda, akawa anatembelea familia 26 za Waganda huko vijijini karibu na Kampala, akikaa nazo na kutazama tu watoto wachanga na mama zao. Alichokiona kwa wale watoto ni kwamba mama ndiye kambi yao: mtoto huthubutu kutambaa mbali kwa sababu anajua yuko wa kumrudia. Mengi ambayo dunia inafundishwa leo juu ya mtoto kushikamana na mlezi yalianzia kwenye nyua hizo za jirani zetu. Sasa mfikirie mtoto ambaye kila asubuhi mama anamtoroka. Anageuziwa doli, akigeuka mama hayupo. Mtoto huyo amejifunza kwamba ukiondoa macho, mtu wako anapotea. Utamwambiaje afumbe macho saa saba? Waambie wazazi waage. Alie, ndiyo, lakini awe ameagwa. Na aliyezidi mwaka mmoja mama amwachie khanga aliyolala nayo, ile yenye harufu yake, akumbatie. Wachanga chini ya mwaka usiwawekee kitu usoni wala pembeni, na walale chali.

Hayo yote ni kazi, na mikono minne kwa watoto 19 haitoshi. Hapo ndipo mwenye kituo anapoingia. Simwoni kama mtu mwenye nia mbaya. Naona mtu anayeogopa kupoteza wateja. Mfuate jioni watoto wakishaondoka, mkiwa wawili wewe na mwenzako, mwambie kwa adabu lakini bila kumung'unya: "Mama, kuanzia leo hatutawapa watoto dawa ambayo mzazi hakuileta mwenyewe na kuiandikisha." Kisha mweleze la juzi lote, shingo ilivyolegea. Muombe mtu wa tatu kuanzia saa nne mpaka saa tisa tu. Kila mtaa una mama mtu mzima ambaye wajukuu wameshakua na angefurahia kazi ya saa tano. Na pendekeza daftari: jina la mtoto, dawa, kiasi, saa, sahihi ya mzazi. Dawa isiyo kwenye daftari haiingii mdomoni. Swali la asubuhi getini liwe moja kwa wote, "Leo amekunywa dawa yoyote?"

Akikataa, hutabaki mikono mitupu. Vituo hivi viko chini ya uangalizi wa maofisa ustawi wa jamii, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwelekeza kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki azifikishe serikali za mitaa. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Usimpe wiki nyingi za kufikiria. Siku moja chupa ikirudi mezani, hiyo ndiyo siku ya kupiga. Kuhusu kazi yako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haihesabu kuwa kosa mfanyakazi kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa kisheria kumtaka alifanye, na wewe umeshapita miezi sita kazini. Ukiachishwa, una siku 30 kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hilo halitalipa kodi ya mwezi huo, najua. Anza leo kuweka chochote unachoweza, na mwambie mdogo wako ukweli ili asije akashtushwa.

Nimebakiza yule mama, na nimembakiza makusudi.

Mwambie. Usingoje mwenye kituo akubali, na usimwachie mwingine kazi hiyo. Wazazi wengine 18 wana haki ileile, na hilo mnapaswa kulidai kwa mwenye kituo, awaite na awaeleze. Lakini huyu alikuuliza wewe uso kwa uso, na jibu lako la kwanza halikuwa kweli. Sababu kubwa kuliko dhamiri yako ni kwamba hajui mtoto wake alibeba nini siku ile, na kesho anaweza kumpa tena dawa ya mafua akidhani ni kitu chepesi.

Chagua jioni akija kumchukua. Mpe mtoto mkononi kwanza, amshike. Msogee pembeni, mbali na wazazi wengine, umwambie maneno machache: "Mama, uliponiuliza kama analala mchana, nilikuficha. Tulikuwa tunampa piritoni ili alale. Niliyempa ni mimi. Nimeacha. Siku ile alipolala mpaka saa kumi na moja, nilimpa bila kujua kwamba na wewe ulimpa alfajiri. Naomba twende zahanati aangaliwe, nitakusindikiza." Halafu nyamaza.

Anaweza kulia. Anaweza kukupigia kelele geti zima lisikie, anaweza asimlete tena. Usimkatize, na usiseme "niliagizwa". Hilo atalijua baadaye, jioni ile halimsaidii. Akikuuliza ni kiasi gani, mwambie kijiko kizima. Usipunguze.